Utafiti Usiosubiri Uzamivu

Oktoba 2023, Luke Farritor, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta mwenye umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Nebraska–Lincoln, alisoma neno ambalo hakuna jicho lililokuwa limeliona tangu mwaka 79. Lilikuwa neno la Kigiriki lenye maana ya zambarau, nalo lilikuwa ndani ya gombo la mafunjo lililogeuka donge la makaa pale mlima Vesuvius ulipolipuka na kuufunika mji wa Herculaneum. Magombo hayo yalifukuliwa katika karne ya 18, na wengi waliojaribu kuyakunjua waliambulia vipande na majivu. Brent Seales wa Chuo Kikuu cha Kentucky alijitolea miaka mingi kutafuta njia ya kuyasoma bila kuyafungua: kuyapiga eksirei tabaka kwa tabaka, kisha kuyakunjua ndani ya kompyuta. Kilichobaki kumshinda ni wino. Ulitengenezwa kwa kaboni, na mafunjo yaliyoungua nayo ni kaboni, hivyo kwenye eksirei maandishi yanamezwa na kilichoandikiwa.

Machi 2023 picha hizo ziliwekwa wazi kwa yeyote duniani, na zawadi zikatangazwa. Mwanafizikia Casey Handmer akazikodolea macho kwa saa nyingi mpaka akaona mipasuko midogo sana juu ya sehemu chache, mipasuko yenye umbo la herufi. Hakuificha, alionyesha alichokiona. Farritor akaichukua mipasuko hiyo michache, akaifundishia modeli itafute mingine, kila iliyopatikana akairudisha kuwa somo jipya, mzunguko baada ya mzunguko, hadi herufi zikajipanga. Alitunukiwa dola 40,000. Februari 2024, akiwa na Youssef Nader aliyekuwa akisomea uzamivu Berlin na Julian Schilliger, mwanafunzi wa Zürich, walitoa safu 15 zenye zaidi ya herufi 2,000, na zawadi kuu ya dola 700,000 ikawa yao.

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama sifa ya kijana mmoja mwenye akili. Akili anayo, lakini tazama kilichomzunguka. Data zilikuwa wazi. Swali lilikuwa jembamba kiasi cha kushikika: je, hapa pana wino au hapana? Aliyemtangulia alikuwa ametoa hadharani kazi ambayo haijakamilika. Na jibu halikupimwa na modeli yenyewe; wataalamu wa maandishi ya mafunjo walizisoma picha hizo na kutamka kama kweli kuna herufi. Chuo chochote kinachotaka wanafunzi wake wa shahada ya kwanza wafanye utafiti wa kweli katika ujifunzaji wa mashine kinapaswa kujiuliza kama kinawapa mambo hayo manne. Vingi huwapa kichwa cha mradi na tarehe ya mwisho, basi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko akili mnemba inayovuma leo. Mwaka 1969 Margaret MacVicar, mwanafizikia wa chuo cha MIT, alianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maabara za maprofesa. Mwaka 1987 Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani lilianza kulipia wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali watumie likizo zao kufanya utafiti. Chuo Kikuu cha Texas, Austin, kikaenda mbali zaidi: tangu 2005 huwaingiza katika utafiti wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabisa, kwa mamia. Tathmini iliyochapishwa 2016 iliwafuatilia waliomaliza mihula yote mitatu ya mpango huo na kuwalinganisha na wenzao wenye sifa zinazofanana. Asilimia 83 walihitimu ndani ya miaka sita, dhidi ya 66 kwa wenzao. Waliomaliza mihula yote huenda walikuwa na moyo mgumu tangu mwanzo, na hilo halifutiki hata kwa ulinganisho makini. Hata hivyo pengo la pointi 17 za asilimia si dogo la kupuuzwa.

Kilichobadilika kwa ujio wa mashine zinazojifunza ni gharama ya kukosea. Katika maabara ya kemia, mwanafunzi wa mwaka wa pili akikosea, sampuli imekwisha, kitendanishi kimemwagika, pengine na mtu kaumia. Akikosea katika modeli, amepoteza saa chache za kompyuta na data ziko palepale. Zaidi ya hayo, mbinu zenyewe bado changa. Profesa wa jiolojia mwenye miaka thelathini kazini na mwanafunzi wake wa miaka 20 wanaweza kuwa wanajifunza pamoja namna ya kufunza mtandao wa neva, na mara nyingine kijana ndiye anayetangulia. Tuzo za Nobel za 2024, ambapo ya fizikia ilikwenda kwa John Hopfield na Geoffrey Hinton na nusu ya ile ya kemia kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kutabiri maumbo ya protini, zilimaliza ubishi kama mbinu hizi zina nafasi katika sayansi. Sasa kila idara inazitaka, na haraka hiyo ndiyo inayotia wasiwasi.

Mfano wa Anne Dattilo unafundisha zaidi kuliko wa magombo, ingawa haukupigiwa tarumbeta kubwa hivyo. Akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Austin, alifanya kazi na mwanaastronomia Andrew Vanderburg. Mwaka 2017 Vanderburg na Christopher Shallue, mhandisi wa Google, walikuwa wametumia modeli yao kutambua sayari ya nane katika mfumo wa nyota Kepler-90. Modeli ile ilifundishwa kwa data za miaka ya mwanzo ya darubini ya Kepler. Mei 2013 gurudumu la pili la kuitulizia darubini hiyo lilikufa. Ikabaki ikiyumba, ikijirekebisha kwa injini ndogo takriban kila baada ya saa sita, na kila marekebisho yakaacha alama kwenye vipimo vya mwanga wa nyota. Mashine isiyojua habari hiyo huziona alama za kuyumba na kudhani ni sayari inapita mbele ya nyota yake. Dattilo aliijenga upya modeli ili iendane na ugonjwa wa chombo. Mwaka 2019 makala yake ilitangaza sayari mbili, K2-293b na K2-294b, baada ya kuthibitishwa kwa darubini za ardhini.

Hakubuni algoriti mpya. Alichofanya ni kuelewa kwa nini data zinadanganya, na huo ni ujuzi wa fizikia na uhandisi kabla ya kuwa ujuzi wa kompyuta. Hapo ndipo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana nafasi ya kweli: kushindana na makampuni katika kujenga modeli kubwa hawezi na hana haja, lakini kukaa na data za chombo kimoja, shamba moja au mto mmoja mpaka azijue kasoro zake, hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na wengi wa waliomzidi elimu hawana muda nayo.

Afrika Mashariki ina malighafi ya kazi hiyo, na bora kuliko inavyodhaniwa. Maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, ikishirikiana na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, ilikusanya picha za majani ya mihogo, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe mashambani, wataalamu wakazitambua ugonjwa mmoja mmoja. Picha 21,367 kati ya hizo ziliwekwa katika shindano la kimataifa la 2020 na 2021, na maelfu ya timu zikajitosa. Ni data zenye maisha ndani yake: majani yaliyotafunwa na wadudu, vivuli vya mchana, mkono wa mtu, udongo mwekundu nyuma.

Na zina mtego. Picha 13,158, yaani zaidi ya asilimia 61, ni za ugonjwa wa batobato. Programu isiyojua chochote kuhusu mihogo, inayojibu "batobato" kila inapoulizwa, itapata alama 61 kwa mia. Mwanafunzi anayeleta usahihi wa asilimia 70 kwa furaha anahitaji msimamizi wa kumwonyesha kwamba amepanda hatua tisa tu juu ya ujinga mtupu. Kinachomhusu mkulima ni je, michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi chini wakati majani bado yanaweza kuonekana mazima, imetambuliwa mara ngapi na imepitwa mara ngapi. Swali hilo halijibiwi na namba moja.

Hapa inabidi kukaa kidogo, kwa sababu ndipo utafiti mwingi wa ujifunzaji wa mashine unapovunjika, wa maprofesa na wa wanafunzi. Mwaka 2016 watafiti watatu walichapisha matokeo ya modeli iliyofundishwa kwa picha 54,306 za majani, za mimea 14 na magonjwa 26. Usahihi ulifikia asilimia 99.35. Namba hiyo imenukuliwa mno, na imeanzisha miradi isiyohesabika ya mwaka wa mwisho. Inayonukuliwa kwa nadra ni sentensi nyingine katika makala ileile, iliyoandikwa kwa uaminifu na waandishi wenyewe: walipoijaribu modeli kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulianguka hadi zaidi kidogo ya asilimia 31.

Sababu yake iligunduliwa kwa jaribio ambalo mwanafunzi yeyote makini angeweza kulibuni. Mwaka 2022 mtafiti Mehmet Alican Noyan alichukua nukta nane tu kutoka kwenye mandhari ya kila picha, bila kipande cha jani, akafundisha programu kwa nukta hizo peke yake. Ilitaja mmea na ugonjwa sawasawa kwa asilimia 49, ilhali kubahatisha kungetoa 2.6. Majani yalikuwa yamechumwa na kupigwa picha juu ya karatasi, na kila kundi lilipigwa katika mwanga wake na juu ya karatasi yake. Kwa sehemu kubwa mashine ilikuwa ikiweza kusoma karatasi.

Mambo ya namna hiyo hayaishii kwenye majani. Wakati wa UVIKO-19 zilimiminika modeli za kutambua ugonjwa kwa picha za kifua. Mapitio yaliyochapishwa 2021 na jopo lililoongozwa kutoka Cambridge yalichuja mamia ya tafiti, yakabakiza 62 zilizokidhi vigezo vya ubora, na hayakupata hata moja iliyokuwa tayari kutumika hospitalini. Katika baadhi ya tafiti, picha za wasio na ugonjwa zilikuwa za watoto na za wagonjwa zikawa za watu wazima, hivyo mashine ikajifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Princeton walikusanya mwaka 2023 ushahidi wa data za majaribio kuvuja na kuingia katika mafunzo: nyanja 17, makala 294. Mengi ya makosa hayo ni ya msingi kabisa. Picha mbili za mmea uleule, moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio. Mgonjwa mmoja kila upande. Vipimo vya kesho vikitumika kutabiri vya leo.

Kwa hiyo mradi wa kwanza unaomfaa mwanafunzi ni kuchukua matokeo yaliyochapishwa, kuyarudia, kisha kujaribu kuyavunja. Si kazi ya daraja la pili. Tangu 2018, kwa msukumo wa Joelle Pineau wa Chuo Kikuu cha McGill, yamefanyika mashindano ya kurudia matokeo ya makala za ujifunzaji wa mashine, na vyuo kadhaa vikayageuza kuwa kazi za darasani, baadhi ya wanafunzi wakachapishiwa ripoti zao. Faida ni maradufu. Mwanafunzi anajifunza kusoma makala kwa jicho la fundi, na nyanja inapata mtu wa kuhakiki, kazi ambayo watafiti wakubwa huikwepa kwa kuwa haiwapandishi vyeo. Modeli iliyoanguka, ikiwa sababu ya kuanguka imeelezwa na kuonyeshwa, ni tokeo la kisayansi linalostahili kuandikwa na kutetewa mbele ya jopo.

Upande wa uhandisi una ladha yake, kwa sababu huko data hazipakuliwi, hutengenezwa. Mradi wa AirQo ulioanzia Makerere mwaka 2015 chini ya Engineer Bainomugisha ulitengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu, ukavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Kipimo cha bei nafuu huhesabu vumbi kwa kumulika mwanga, na unyevunyevu wa hewa huvimbisha chembe na kukifanya kitaje vumbi zaidi ya lililopo. Ujifunzaji wa mashine unaingia hapo: kipimo cha bei nafuu huwekwa karibu na cha gharama kubwa, na modeli hujifunza kusahihisha tofauti kwa kuzingatia unyevu na joto. Lakini kabla ya modeli kuna kasha linaloingia maji, umeme unaokatika, laini ya simu iliyoisha salio. Mwanafunzi wa elektroniki anayajua hayo, wa kompyuta hayajui. Miradi ya namna hii huenda vizuri zaidi ikiwapatanisha wawili, na pengo lao la ujuzi likawa sehemu ya somo.

Nyeri nako, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina hifadhi ya wanyama inayopakana na madarasa. Kituo chake cha sayansi ya data, kinachoongozwa na Ciira wa Maina, kimeunda kamera za mitego kwa kompyuta ndogo za Raspberry Pi na kuziweka wazi picha zilizopatikana, zikiwa zimetambuliwa mnyama kwa mnyama: swala pala, pundamilia, ngiri, kuro, pongo. Chuo hichohicho kilikuwa mwenyeji wa shule ya kiangazi ya Data Science Africa mwaka 2015, kabla mafunzo hayo hayajapelekwa Kampala na Arusha. Mikutano ya Deep Learning Indaba, iliyoanzia Johannesburg 2017, ikapita Nairobi 2019 na kufika Kigali 2025, imewapa vijana jukwaa la kusimama kando ya bango la kazi yao na kuhojiwa na watu wanaoijua.

Vikwazo vinajulikana. Vichakataji vyenye nguvu ni ghali, ingawa huduma za bure za mtandaoni kama Kaggle, zinazotoa takriban saa 30 kwa wiki, zinatosha kwa picha elfu ishirini za mihogo. Intaneti ya kupakulia data hizo ni tatizo kubwa kuliko kichakataji. Chuo kinaweza kulipunguza kwa jambo dogo: kuzipakua mara moja na kuziweka kwenye seva ya ndani. Muda wa wasimamizi hauna njia ya mkato kama hiyo. Mhadhiri mwenye miradi kumi na tano ya kusimamia hatagundua kwamba picha za mmea mmoja ziko kwenye mafunzo na kwenye majaribio pia.

Dawa moja imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2001 Edward Coyle, akiwa Purdue, alianzisha mfumo ambao baadaye aliupeleka Georgia Tech: mradi ni wa mhadhiri na hudumu kwa miaka, wanafunzi wa mwaka wa pili, wa tatu na wa nne hufanya kazi pamoja, wakubwa wakiwafundisha wadogo, na wanaohitimu huacha kazi mikononi mwa waliobaki. Ulinganishe na utaratibu uliozoeleka katika vyuo vingi vya ukanda huu, ambapo kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huanza upya, huandika ripoti, huitetea, kisha ripoti hupangwa kabatini. Mwaka unaofuata mwingine huanza na kichwa kilekile. Mradi wa mihogo uliokabidhiwa kutoka kundi hadi kundi kwa miaka minne, ukiwa na daftari la makosa yaliyokwisha kufanyika, ungekuwa na thamani kuliko miradi minne iliyoishia kwenye namba nzuri.

Lipo pia suala la haki, na halipaswi kufunikwa kwa shauku. Kazi ya kutambua picha elfu kumi ni ya kuchosha, na ni rahisi kumtwisha mwanafunzi kwa jina la utafiti. Kama anachofanya ni kubofya tu, alipwe kama mfanyakazi. Kama anauliza kwa nini wataalamu wawili walitofautiana juu ya jani moja, huo ni utafiti na jina lake liingie kwenye makala. Malipo yana uzito mwingine: likizo ya utafiti isiyo na posho huwafikia wale tu ambao nyumbani hawangojewi shambani au dukani, na kipaji cha mwenye shida hupotea kimyakimya.

Tangu mwishoni mwa 2022 mwanafunzi anaweza kuomba ChatGPT imwandikie msimbo wote wa mradi. Wahadhiri wengi hulalamika, na wana sababu. Ila programu hiyo haijawahi kusimama kwenye shamba la Mkuranga kuona mihogo yenye magonjwa mawili kwenye shina moja. Mizani ya alama ndiyo inayopaswa kuhamishwa: ipungue kwa msimbo na kwa usahihi wa mwisho, iongezeke kwa maelezo ya namna data zilivyogawanywa, kwa mifano ya picha ambazo modeli ilizikosea na sababu zake, na kwa maswali ya ana kwa ana mbele ya mtaalamu wa nyanja husika.

Swali moja linaweza kuanza muhula ujao. Mwaka 2018 watafiti walifunza modeli kwa picha milioni 3.2 za kamera za mitego za Serengeti, ikatambua wanyama wa aina 48 kwa usahihi wa asilimia 93.8. Mwaka huohuo Sara Beery na wenzake walionyesha, kwa kamera za Marekani, kwamba modeli za aina hii hudhoofika sana zikipelekwa mahali ambapo hazijawahi kuona. Picha za Serengeti ziko wazi, na za Nyeri pia. Swala pala, pundamilia na ngiri wamo katika zote mbili, lakini nyasi, kamera na kimo zinapofungwa ni tofauti. Modeli ya Serengeti ikipelekwa Nyeri itaanguka kwa kiasi gani, kwa mnyama yupi, usiku au mchana? Picha ngapi za Nyeri zinatosha kuirudisha mahali pake: mia, au elfu? Kazi hiyo inahitaji wanafunzi wawili, msimamizi mmoja wa wanyamapori na mmoja wa kompyuta, na seva ambayo picha zimekwisha kupakuliwa.